Nkwabi na Kinga ya Kumzuia Mihayo

Watu wa Kisesa walikuwa wanasema Nkwabi ameanza maringo. Unamwamkia shikamoo, anapita zake kama umeamkia mti. Maringo gani! Mzee wa watu alikuwa hasikii, na aliona afadhali aitwe mjeuri kuliko kuitwa kiziwi.

Nkwabi alikuwa kiongozi wa ngoma ya Bagika, na kiongozi wa ngoma Usukumani anaishi kwa masikio. Siku ya sikukuu pale Bujora, Bagika wanacheza upande huu wa uwanja na Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, na watu wanakimbilia kwenye utamu. Mihayo, kiongozi wa Bagalu, anakutungia wimbo wa kukusimanga hapo hapo. Usipomjibu kwa wimbo mkali zaidi, uwanja unahama. Nkwabi alikuwa hajamjibu ipasavyo mwaka wa pili sasa. Wenzake wakamwambia, kwa heshima zote maana ni mtu mzima, kwamba akishindwa tena aweke ngoma chini. Ngoma ile aliirithi kwa baba yake. Alilia, nakwambia, katikati ya shamba lake la pamba ambako hakuna wa kumwona.

Chanzo alikijua, au alidhani anakijua: Mihayo kamroga. Mambo ya dawa kwenye mashindano ya ngoma hayana haja ya kuelezwa, kila mtu ana yake. Mganga alikuwa amempa Nkwabi kinga, nta ya nyuki iliyokandwa na unga wa mizizi, aipake ndani ya masikio ili uchawi wa Mihayo ukose mlango. Masikio yalipoanza kuwa mazito, akaongeza kinga. Yakazidi uzito, akashindilia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Nkwabi kilikuwa sikioni.

Mwaka ule, wa pili tangu wanunuzi binafsi waanze kugombea pamba vijijini, walikuja pia watafiti kutoka Mwanza mjini. Mkubwa wao, Daktari Hellen, alitaka kujua ni watu wangapi vijijini wamepungukiwa kusikia, na kwa sababu gani. Wakaweka vyombo vyao kwenye darasa la shule. Teodora, mkewe Nkwabi, mama wa kanisa asiyevumilia habari za waganga, akamshika mume wake mkono mpaka pale.

Hellen akamvisha vifuniko vya masikio vyenye waya, akamweleza kwa sauti kubwa: ukisikia mlio, nyoosha mkono. Nkwabi si mjinga. Alikazia macho kidole cha daktari kwenye mashine. Kidole kikibonyeza, mkono juu. Alikuwa anasikia kuliko popo, mpaka Hellen alipotabasamu na kumgeuza atazame ukuta. Hapo mkono ukalala pajani, haukuinuka tena.

Hellen akammulika masikio kwa kurunzi ndogo.

“Baba, umeweka nini humu?”

Nkwabi akamtazama mkewe, akasema hajaweka kitu. Basi bomba la maji ya uvuguvugu likafanya kazi yake, na kwenye beseni kikaanguka kipande cheusi kama mbegu ya ukwaju, kisha cha pili. Teodora akavitazama, akamtazama mume wake, akaelewa. Yote aliyomwambia hapo, na hayakuwa machache, Nkwabi aliyasikia neno kwa neno, anacheka huku machozi yanamtoka.

“Endelea, mama Kija,” alisema. “Endelea tu.”

Hellen hakumficha: baadhi ya sauti nyembamba zimekwenda na miaka ya ngoma, hizo hazirudi. Zilizobaki zinamtosha. Halafu, maana maneno ya Teodora yalikuwa yameshafichua habari ya kinga, akatikisa kichwa, akasema katika maswali yao yote hawakuwahi kufikiria kumuuliza mtu anamwogopa nani, na huyu ni wa pili asubuhi ile.

Wa pili? Nkwabi akatoka nje. Kwenye benchi, kola imelowa maji, alikuwa ameketi Mihayo, anajipigapiga sikio kwa kiganja.

“Mwaka jana uliniimba nini?” aliuliza Mihayo.

“Kwani hukusikia?”

“Hata neno. Nilijua umeniroga, nikaweka kinga.”

Nkwabi akajitupa kwenye benchi. Miaka miwili wamesimangana mbele ya halaiki ya watu, na hakuna aliyemsikia mwenzake! Walicheka mpaka watafiti wakatoka kuwaomba wanyamaze, maana kipimo kinataka ukimya.

Siku ya sikukuu, Mihayo akaanza. Akaimba habari za mzee wa Bagika aliyefuga nyuki masikioni na asali hakuipata. Nkwabi alilisikia kila neno, na haki ya Mungu wimbo ulikuwa mtamu. Akainua mkono, ngoma zake zikatulia, akajibu. Hajamaliza hata ubeti wa kwanza, akasikia upande wa pili wa uwanja mtu ameangua kicheko, na alikijua ni cha nani. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshadaka kiitikio, na hakuna aliyekumbuka tena habari za kuweka ngoma chini.