Saa Aliyoikata Mlinzi

Jumatatu nilipanga foleni kwenye dirisha la mishahara la chuo chetu, hapa Mahajanga, Madagaska, na karatasi yangu ya saa za ziada mkononi. Mbele yangu alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, mzee wa Kikomoro wa mtaa wa Antanimasaja.

"Mwanangu, umenizidishia saa," alimwambia karani kwa Kikomoro. "Ramadhani nzima, kila usiku nilitumia saa moja kuswali na kula daku. Saa hiyo sikulinda."

Karani alitabasamu. "Lakini baba, ulikuwa getini."

"Nilikuwa getini, nimeligeuzia geti mgongo."

Akaomba kalamu, akazikata saa hizo moja moja.

Zamu yangu ikafika. Karatasi yangu ilidai saa nne za kufundisha Ijumaa. Ijumaa hiyo nilikuwa bandarini Ankify, nangoja boti ya kwenda harusini Nosy Be. Wanafunzi niliwaachia kurasa za kunakili.

"Na wewe mwalimu, una la kurekebisha?" karani aliniuliza.

"Sina."

Muhuri ukagongwa. Mzee, akirudisha kalamu, akanitazama kwa huruma. "Saa zote hizo? Mungu akupe nguvu."

Nikaitikia amina.

Wasomaji mnaoniandikia kuuliza nani anatafuna fedha za chuo chetu, mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni.