Msitu wa Kuingia Peku

Hapana, viatu sijasahau, nimevivua. Kila nikitoka Nyasho kwa binti yangu kuja kusalimia huku Butiama, nikifika hapa navivua. Wajukuu wananicheka: "Bibi, hili ni shamba la mihogo, utachomwa miba." Najua ni mihogo. Miguu ndiyo haijui.

Hapa palikuwaga msitu, mchana ndani kama jioni. Katikati kulikuwa na chemchemi, kijiji kizima tulikunywa hapo. Unaingia peku, panga unaacha nje, kuni unaokota ile imeanguka yenyewe. Ukikata mti, mizimu wanakuondoa duniani. Mlinzi hakuna, seng'enge hakuna, ni woga tu. Shemeji yangu mchoma mkaa, mtu wa kuiba hata kuku wa padri, alikuwaga anapita hapa amevua kofia.

Alfajiri mbega walikuwa wanaitana, rrro, rrro. Nikiwaigiza wananijibu. Mpaka leo nikiwa Nyasho nawasikia. Natoka nje, kumbe pikipiki ya jirani inakataa kuwaka. Siku nyingine natoka, na pikipiki haipo.

Alikuja bwana misitu, kijana mpole, anaongelea puani kama ana mafua: "Wazazi wangu, miti ndiyo inashika maji. Mkikata, chemchemi inakauka." Tukampigia makofi, maana alisema kweli. Akataka kuiona hiyo chemchemi. Tukamwambia avue mabuti, panga aache.

"Mama, mizimu hakuna," akaniambia. "Tulinde msitu kwa sababu ya maji, siyo kwa kuogopa."

Nikamshika mkono. "Mwanangu, kama unataka haya maji yabaki, ingia peku tu. Hata kwa kutudanganya."

Akacheka, akaingia na mabuti yake na panga mkononi. Tukasikia panga linafyeka matawi, cha, cha, cha. Sisi kijiji kizima tumesimama pembeni. Nilimpenda yule kijana, lakini niliomba hata nyigu mmoja amuume, watu waone.

Akatoka anatabasamu, jasho tu, hata mchubuko hana.

Watu wakatazamana. Shemeji akauangalia msitu taratibu, toka juu mpaka kwenye mashina, vile anaangaliaga ng'ombe wa mnadani. Akavaa kofia yake.

"Kumbe ni miti tu," akasema.