Jua la Yadi ya Riruta

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudi nyumbani na suruali nzima. Mke wangu alipoifua, ikatoka kwenye beseni na matundu mapajani. Asidi ya betri ndivyo ilivyo, inakula polepole na haikuambii. Kazi yenyewe ilikuwa katika banda la kuchaji betri pale Kawangware. Fundi Mkuu wangu, mtu mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, aliponiona kesho yake nimevaa suruali nyingine nzuri, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe umekuja harusi?" akaniuliza. "Hapa unavaa kitu umeshakatia tamaa."

Nawaandikia ninyi vijana mnaofunga sola siku hizi. Sina furaha ya kuwapa, nisiwadanganye. Nitawaeleza tu tulivyofanya kazi hii na mahali iliponishinda.

Fundi Mkuu alinifundisha kwamba betri nyingi haziuawi na kazi, zinauawa na kukaa. Ukiiacha betri bila kuitumia, chaji yake huvuja yenyewe kidogo kidogo. Ikishuka sana na kubaki hivyo, mabamba ya risasi yaliyo ndani huota ukungu mgumu mweupe, nasi tunauita salfeti. Bamba likishafunikwa na ukungu huo halipokei chaji tena. Kwa nje betri bado inang'aa na lebo yake ipo. Alikuwa akinipa haidromita, kile kibomba cha kioo chenye boya la kupimia uzito wa asidi, na kunikataza kuamini kitu kingine chochote.

Kifua kilipomzidi akafunga banda, nami nikaajiriwa katika yadi moja huko Riruta. Ilikuwa uwanja wa kukodi, hauna stima, na karavani zilihifadhiwa pale miezi ambayo hazikuwa na safari. Karavani ni nyumba ya kuvutwa. Ina magurudumu, taa na friji, lakini haina injini, kwa hiyo ikisimama hakuna cha kuichajia betri isipokuwa sola iliyo juu ya paa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha sola hiyo inaona jua. Kila asubuhi nilipanda ngazi na kitambaa chenye maji, nikapangusa vumbi.

Meneja wa Yadi alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Wiki yangu ya kwanza akaleta mzigo wa maturubai.

"Wafula, hizo gari funika zote. Vumbi ya hapa ni mbaya."

"Bosi, tukifunika, sola itapata jua wapi?"

"Si gari imezimwa? Kitu imezimwa inataka chaji ya nini?"

Nikamweleza kwamba hata gari likizimwa kuna vitu vinavyonyonya: king'ora cha gesi, saa, na kile kisanduku kinachopimia betri chaji isizidi. Akasimama akikuna kidevu, kisha akasema, "Basi kata tundu." Tukakata kila turubai dirisha la ukubwa wa sola. Majirani walitucheka, lakini betri zetu zilipona msimu baada ya msimu, na wazo lilikuwa lake, si langu.

Baadaye kampuni ya watalii iliyokuwa na karavani nyingi pale ikaondoka, ikabaki karavani moja tu, ya kliniki. Ilikuwa mali ya shirika lililokuwa likichanja watoto Kibera, katika vitongoji vya Raila na Mashimoni. Haikuweza kuingia vichochoroni, ilisimama kwenye uwanja kando ya barabara, na akina mama wakaja na watoto mgongoni. Kati ya mzunguko na mzunguko ililala yadini, wakati mwingine miezi mingi, ikingoja wafadhili. Aliyeisimamia ni Sista Halima, Mnubi, mzaliwa wa Kibera, muuguzi asiyejua kubembeleza mtu. Akipiga simu aliniita kwa jina la binti yangu, na hakuanza na salamu.

"Baba Nekesa, friji yangu ikoje?"

"Iko sawa, Sista."

"Sitaki iko sawa. Niambie imesoma ngapi."

Nilimpenda kwa hilo. Chanjo ikipata joto ni maji tu, naye hakutaka kumdunga mtoto maji. Pale uwanjani hakukuwa na umeme mwingine. Betri zangu zikilala, friji imelala, na kliniki imekwisha.

Ndipo plot ya jirani, upande wa mashariki, ikaanza kuchimbwa. Mwanzo ilikuwa shimo, halafu nguzo, halafu kila walipomwaga slabu mpya jua lilichelewa zaidi kufika kwetu. Nikaisogeza karavani mpaka ikagusa ukuta wa upande wa pili. Nikaenda kwa mnyapara wa mjengo, angalau nijue wataishia wapi.

"Mzee, mimi nimeandikwa kupandisha ukuta," akasema, wala hakuwa na ubaya. "Mambo ya jua uliza mwenye plot. Na pia huko nyuma yako wameshapima, wanaanza mwezi ujao."

Nikarudi nikakaa kwenye ngazi yangu. Turubai niliweza kulikata tundu. Ghorofa ningelikata wapi?

La nyuma nalo likaota. Tukabaki na jua la saa sita mchana, nalo pia likaingiliwa, maana watu walihamia kabla rangi haijakauka na kuanika mablanketi kwenye vibaraza. Hamtaamini jinsi sola ilivyo dhaifu. Kivuli cha blanketi kikigusa kona yake moja, sola nzima inaishiwa nguvu. Nilisimama chini nikiomba akina mama wasogeze nguo zao. Wengine walisogeza. Wengine waliniuliza kama nina wazimu, na sikuwalaumu, kwa sababu watoto wao nao walihitaji blanketi kavu.

Nikaiinua sola juu ya mlingoti. Bawabu akaniambia, "Hiyo umewawekea tu," na kweli ikaibiwa. Shirika likanunua nyingine, ikarudi paani, kivulini. Nikazipeleka betri kwa mkokoteni hadi Kawangware zichajiwe kwa stima. Zilirudi zikiwa na chaji ya juujuu. Haidromita ilipozama ndani ya asidi, boya halikuinuka hata kidogo. Nilijua maana yake: salfeti imeshafunika mabamba. Nikaomba betri mpya, au uwanja mwingine. Mratibu wa mradi, kijana mwenye adabu aliyekuwa na wakubwa wake pia, akaniambia ukweli.

"Mzee, bajeti imeisha. Kama taa zinawaka, gari itoke. Tukiahirisha tena, wakubwa watafunga hii mradi."

Nikampigia Sista Halima, nikamsomea namba, nikamwambia betri hizi zikibebeshwa friji zitaanguka. 

"Tukikaa wanafunga, tukitoka inaweza kulala," akasema. "Basi tutoke. Labda Mungu atatusukuma."

Tukatoka. Pale uwanjani foleni ilishafika barabarani. Friji ikanguruma vizuri, watoto wa kwanza wakachanjwa, nikaanza kujidanganya. Kisha nikasikia sauti ya friji inashuka. Taa zikawa za manjano, friji ikanyamaza. Sista akatazama kipimajoto, akarudisha chupa zilizobaki kwenye kisanduku cha barafu, akampa dereva wa gari lililotuvuta azikimbize hospitali zisiharibike. Akatoka mlangoni mwenyewe kuwaambia akina mama warudi nyumbani. Mmoja alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya reli na mapacha. Nilibaki ndani, mkono juu ya betri. Nililia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Mradi ulifungwa. Karavani ikauzwa kwa mtu wa Kawangware, anakaangia chipsi ndani yake. Sista alipelekwa kaunti nyingine. Mimi nilistaafishwa siku waliporudisha uwanja wa yadi kwa mwenyewe, bila soda wala hotuba, na sasa hapo pia pamesimama ghorofa.

Mnaniuliza nimejifunza nini, kama wastaafu wanavyoulizwa. Nimejifunza kwamba unaweza kuijua kazi yako yote, ukaifanya kila asubuhi, na bado kitu ulichopewa kukitunza kikafa mbele yako bila aliyekosea. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu, pengine ningelala.

Nakaa Mashimoni siku hizi. Juzi nikipita ule uwanja wa kliniki nilimkuta mama kijana amekaa juu ya jiwe, mtoto mapajani, kitabu cha kliniki mkononi. Alikuwa ametoka mashambani, akaambiwa na shangazi yake kwamba gari la chanjo husimama pale. Nikamwambia haliji tena, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa fundi wake.

Akanitazama, akatazama barabara.

"Sawa, baba," akasema, akimkinga mtoto na jua. "Lakini wacha tu nikae kidogo. Labda limechelewa."