Miche ya Kapitolina

Simu ya msiba ilimkuta Taisia akitunga uongo wa kumkwepa dada yake, Kapitolina, ambaye kila theluji ilipoyeyuka aliwabebesha watu miche ya nyanya. Mbegu alizipanda kama anayelisha jeshi, na kung'oa mche wa ziada kwake ilikuwa dhambi. Majirani wakimwona ngazini walijifungia.

Taisia alilia sana. Kisha akaingia nyumbani kwa marehemu dada yake, akakuta madirisha yote yamejaa miche kwenye vikopo vya mtindi. Kuitupa hakuthubutu, dada angemshtaki kwa Mungu.

Asubuhi ya maziko, kila aliyekuja kuaga alikabidhiwa vikopo viwili mlangoni.

"Taisia, shoga, mimi sina hata bustani!"

"Ulimkimbia akiwa hai, Rimma. Basi mkimbie na leo, jeneza lake hilo hapo."

Rimma akapokea, akafungua mdomo.

"Usishukuru! Mche wa kupewa ukiushukuru unakufa."

"Nilitaka kukutukana."

"Hilo ruksa."

Mchana padri aliimba sala makaburini. Taisia akambusu dada yake kwenye paji la uso, jeneza likafunikwa na kuteremshwa. Kila mmoja akatupa konzi ya udongo, wakaondoka na vikopo vyao.