Minyoo ya Jirani

Jirani yangu wa Bagira anafuga minyoo ndani ya kasha la mbao, ili apate mbolea. Maganda ya ndizi anayakatakata taratibu, kama anamlisha mgonjwa. Kila asubuhi anakamua udongo wake kiganjani: likitoka tone moja anatabasamu, yakitoka mengi anaongeza karatasi kavu. Ndimu haingii humo, wala chumvi.

Nilimpelekea ndoo yenye mabaki ya sombe, kisamvu nilichopika mwenyewe, nikaomba minyoo kwa ajili ya lengalenga zangu, mchicha wa bustanini. Akaweka mmoja tu ndooni, kwa kujaribu. Ukajikunja, ukapanda ukingo, ukatoka.

“Tonton, ndiyo ile sombe muke yako alikimbia?” jirani akaniuliza.

Soko zima la Nyawera hakuna muuzaji asiyenipunguzia bei. Nikambembeleza jirani mpaka jasho. Akanirudishia ndoo, na kipande cha sabuni ndani yake.