Kocha aliyeukwepa msiba akashinda, kisha akachimba kaburi akatoka sare

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwanja wa mtaa wa Sihpui jijini Aizawl, milimani kaskazini-mashariki mwa India, una mwanga wa kutosha kuona mpira, ila si wa kutosha kuona mashimo. Wachezaji kumi na tisa wanazunguka mbio. Upande mmoja ni mlima uliochongwa ukawa ukuta, upande wa pili ni wavu mrefu wa waya, na chini ya wavu ni mapaa ya nyumba za watu, moja chini ya nyingine. Mpira ukiruka huko, unaamsha familia tatu kabla haujasimama.

"Dingliana! Unakimbia au unasindikiza wageni?" anafoka mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, filimbi shingoni.

"Napasha misuli moto, Pu Kapa!"

"Misuli gani hiyo? Hiyo ni nyama ya nguruwe ya jana inatikisika!"

Wenzake wanaangua kicheko. Mzee huyo ni Kapzauva, miaka hamsini na mbili, kocha wa timu ya Sihpui kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wamemkata jina wakabaki na Pu Kapa, hiyo Pu ikiwa heshima ya mwanamume mtu mzima, kama Pi ilivyo kwa mwanamke.

Ghafla kipaza sauti cha mtaa, juu ya mlingoti wa ofisi ya vijana, kinakohoa. Mazoezi yanasimama palepale, wala hakuna aliyepuliza filimbi. Kocha anavua kofia na kufumba macho. Wachezaji wanashika viuno.

"Ndugu wakazi," kinasema kipaza sauti, "maji yatafunguliwa Alhamisi badala ya leo. Aidha, mwenye nguruwe mweusi aliyefunguka amfuate nyumbani kwa Pi Rualkhumi. Ameshakula kabichi sita."

Kocha anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu ni mwema," anasema, anarudisha kofia kichwani. "Haya, kona! Muana, rudi golini, nguruwe si wako."

Anachokiogopa Pu Kapa kila kipaza sauti kinapokohoa ni tangazo la msiba. Mtu akifa mtaani, vijana huacha walichoshika, wakachukua sururu na koleo, wakapanda makaburini. Hakuna anayelipwa wala anayeitwa kwa jina. Anayekaa nyumbani siku hiyo hatakemewa, ila atajulikana.

Yeye aliwahi kukimbia tangazo hilo, akiwa na timu nzima.

Ukocha haumlishi. Klabu inampa rupia elfu nane kwa mwezi, tena msimu ukiwapo tu, na msimu wenyewe hauzidi miezi mitano. Mchana huchomelea vyuma vya madirisha kwenye kibanda kilicho chini ya nyumba yake. Jioni huimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa. Jumapili hagusi mpira, na hata akiota yuko uwanjani, anasema, huwa anajitahidi aamke.

"Mke wangu anasema yeye ni mke wa pili," anasimulia huku akimenya popoo. "Timu ndiyo bi mkubwa."

"Na bi mkubwa hapiki," anadakia mkewe, Pi Sangzuali, kutoka jikoni.

Timu yake huomba kabla ya kila mechi, lakini amepiga marufuku kuomba ushindi. "Wale wa upande wa pili nao wanamwomba Mungu huyohuyo. Tena wengine wanaimba vizuri kuliko sisi! Sasa Mungu afanyeje, apige shilingi juu? Mimi naomba tusivunjike miguu, na tukitoka pale tuweze kutazamana usoni."

Kutazamana usoni. Kwa miaka miwili hilo ndilo lililomshinda.

Ilikuwa Novemba, siku ya Jumamosi. Sihpui walikuwa wameingia fainali ya kombe la mitaa kwa mara ya kwanza tangu timu ianzishwe, na fainali ilikuwa ichezwe Serchhip, saa nne za barabara ya milimani. Basi lilipangwa kuondoka saa moja asubuhi. Alfajiri, kabla ya saa kumi, Pu Kapa alitoka kwenda kuchukua mipira ofisini. Akapita mbele ya nyumba ya Pu Hrangthiauva.

Mlangoni palikuwa na viatu vingi, na ndani watu walikuwa wakiimba taratibu wimbo wa kumsindikiza mtu. Hakuhitaji kuambiwa.

Pu Hrangthiauva alikuwa mshambuliaji wa Sihpui enzi za ujana wake. Uzeeni alikuja na kigoda chake kila alfajiri kutazama mazoezi na kuwatukana wachezaji mmoja baada ya mwingine, kwa haki kabisa, bila upendeleo. Alikuwa ameugua mwezi mzima.

"Nilisimama pale barabarani nikapiga hesabu," anasema Pu Kapa. "Tangazo linatoka saa kumi na mbili. Likitoka, vijana wangu wanakwenda makaburini, na mimi sina ulimi wa kuwazuia. Wakienda makaburini, fainali tumeiaga. Nikajiambia, sijaona kitu. Viatu si maiti."

Alipiga simu kwa wachezaji wote akidai kuna maporomoko njiani, hivyo lazima waondoke mapema. Saa kumi na moja basi lilikuwa likiteremka mlima. Akawaambia wazime simu, ati wapumzishe akili.

Walishinda tatu kwa moja.

Walirudi na kombe jioni, honi ikilia, na mtaa ukawa kimya. Kaburi lilikuwa limechimbwa na wale waliobaki, wengi wao baba za wachezaji. Baba yake mwenyewe Pu Kapa, mzee wa miaka sabini na nne, alikuwa amebeba mawe. Watu waliwapa pole kwa kukosa mazishi. Walisema tangazo lilichelewa hadi saa moja na nusu, pengine umeme ulikatika, hivyo timu isingeweza kujua.

"Waliniombea udhuru wenyewe!" anasema, na machozi yanamlengalenga. "Bora wangenipiga."

Siri hiyo alimwambia mkewe tu. Pi Sangzuali hakupiga kelele. Alipakua wali na nguruwe aliyepikwa na majani ya haradali, akaliweka kombe kwenye meza mbele ya sahani ya mumewe. "Kula na mwenzio," akasema, akaenda kulala.

Kwa Wamizo, watu wa milima hii, baada ya mazishi vijana na wanakwaya huenda kwa wafiwa jioni kadhaa, wakaimba na kunywa chai nao. Pu Kapa hakukanyaga. Mara mafua, mara kazi ya madirisha. Akimwona mjane wa Pu Hrangthiauva, Pi Lianzami, anakuja kwa ngazi hizi, yeye alishuka kwa zile. Na Aizawl ina ngazi nyingi, mtu mwenye aibu anaweza kuishi humo hata miaka mia.

Mwaka huu mambo yakamgeukia. Sihpui walifika mechi ya mwisho ya ligi wakihitaji pointi moja wasishuke daraja. Kamati ilimwambia waziwazi: mkishuka, tunaleta kocha mwenye cheti kutoka nje. Yeye hana cheti. Ana filimbi na miaka kumi na moja.

Jumamosi ya mechi, saa kumi na mbili kamili, kipaza sauti kikakohoa. Amefariki Pu Lalzidinga, seremala, miaka themanini na moja, mtu ambaye hakuwahi kutazama mpira hata kwa bahati mbaya. Mechi ilikuwa saa nane mchana.

Wachezaji walikusanyika ofisini wakimtazama kocha wao. Dingliana, nahodha, ndiye aliyefungua mdomo.

"Pu Kapa, wewe sema tu. Mtaa utatuelewa. Wazee wameshasema tunaweza kwenda kupumzika."

"Mtaa ulishanielewa mara moja," akajibu. "Sitaki unielewe tena."

Ndipo akawaeleza yote: viatu mlangoni, maporomoko ya uongo, simu zilizozimwa. Hakuacha kitu. "Kiongozi akikosea peke yake, hilo ni kosa," aliwaambia. "Mimi niliwakosesha na ninyi bila kuwauliza. Huo ni wizi. Niliwaibia msiba wa mzee wenu."

Kisha Muana, kipa, akauliza, "Kwa hiyo sururu ziko wapi?"

Pu Kapa alipanga uchimbaji kama anavyopanga mabadiliko ya wachezaji. Mabeki waanze, viungo wapokee, mawinga wabebe mawe. Muana asiguse sururu kabisa, mikono yake ni mali ya mtaa.

"Nami ni mtoto wa mtaa, Pu," Muana akasema, akashika sururu. "Hiyo mali inajichimbia."

Mlima ule ni mwamba mtupu. Walichimba hadi saa nne na nusu. Saa sita wakazika. Saa saba na robo walikuwa ng'ambo ya bonde, chumba cha kubadilishia nguo, udongo mwekundu ungali kwenye kucha. Kocha wa wapinzani alipita mlangoni, akawatazama mikono, akatikisa kichwa.

"Nyie watu wa Sihpui mna wazimu."

"Tunajua," akajibu Pu Kapa. "Tuombee."

Mechi yenyewe haina hadithi. Sihpui hawakupiga shuti hata moja golini. Walirudi nyuma, wakalala, wakaamka, wakapiga mipira juu kama watu wanaofukuza kunguru. Wapinzani waligonga mwamba wa goli mara mbili. Dakika ya themanini na nane Muana aliupangua mkwaju kwa kiganja kilichotumbuka malengelenge, akabaki amelala chini akipuliza mkono wake.

"Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nimeshika magoti," anasema kocha. "Sikuomba tushinde. Nilisema, Bwana, ukitaka tushuke, tutashuka, ila mwambie mwamuzi aangalie saa."

Filimbi ikalia. Bila kwa bila. Sihpui wamebaki kwenye ligi. Wachezaji hawakuwa na nguvu za kushangilia, walikaa tu nyasini wakicheka kama walevi. Pu Kapa alikwenda nyuma ya benchi akalia, na haoni aibu mtu akimkumbusha.

Jioni hiyo hakwenda moja kwa moja nyumbani. Habari ya aliyoyasema asubuhi ilikuwa imeshazunguka mtaa wote, na alijua imefika nyumba ile. Alivua viatu mlangoni kwa Pi Lianzami, akaingia, akabaki amesimama.

"Kaa," akasema mjane. "Umechelewa miaka miwili, usinichelewee na kukaa."

Akakaa. Akaanza kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu makaburini, lakini hakufika nayo mbali.

"Kapzauva, unajua tangazo lilichelewa kwa nini?"

"Umeme, Pi."

"Umeme gani? Ni mimi. Hrangthiauva alikata roho saa tisa. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa, 'Wasiwazuie vijana.' Nikamshika mkono karani wa ofisi ya vijana, nikamwambia asithubutu kugusa kile kipaza sauti mpaka basi liondoke. Nilipoona taa zake zinateremka mlima saa kumi na moja, nikamshukuru Mungu kwamba mmewahi. Na bado nikamwambia karani asubiri, msije mkageuza njiani."

Chai iliyoletwa ilipoa mkononi mwa Pu Kapa.

"Sasa mbona hukusema, Pi? Miaka miwili yote!"

"Niseme nini? Kwamba nimevunja desturi ya mtaa kwa ajili ya mpira? Nami nina aibu yangu bwana!" Kisha sauti yake ikabadilika. "Tena nilikuwa na hasira na wewe. Si ya kaburi, kaburi lilichimbwa. Nilikaa hapa jioni zile zote, watu wanaimba, nikisubiri uje unieleze ile mechi. Yeye alikuwa akinisimulia kila mechi, hata nikiwa sitaki. Hiyo moja sikusimuliwa. Watu wakaniambia tatu kwa moja. Tatu kwa moja ndiyo nini? Hiyo ni bei ya kitu?"

Basi akamsimulia. Alianza na kikosi, akapanga vikombe mezani kuonyesha mabeki walisimama wapi. Bao la kwanza kwa kona. Walivyorudishiwa. Bao la pili, krosi ya kushoto, Dingliana akafunga.

"Kwa mguu gani?"

"Kwa goti, Pi."

"Kwa goti!" Pi Lianzami akapiga paja, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shali. "Angefurahi huyo! Siku zote alisema yule kijana miguu hana."

Ilimchukua saa nzima na nusu. Pi Sangzuali alipoona mumewe harudi akaja kumtafuta, akamkuta amesimama katikati ya chumba akiigiza bao la tatu, naye akapewa kigoda asikilize.

Kamati imemwongezea msimu mmoja. Mwezi wa pili ataanza masomo ya cheti, na amekwisha nunua daftari. Lakini anapoulizwa anatarajia nini mwakani, hataji cheti wala kombe. Anakuna kidevu.

"Nataka tupige mpira wa maana, hata mechi chache. Sare hii ya juzi nilimsimulia Pi Lianzami kwa dakika mbili, ikawa imekwisha. Kaniambia nikirudi tena na upuuzi kama ule, hanifungulii mlango."

Anasimama, anatafuta filimbi yake. Mazoezi ya winga, anasema, yataanza Jumatatu.