Upande wa Pili wa Blanketi

Usiniambie ni uzee. Gazeti nalisoma bila miwani, na pombe niliacha kabla vijana wengi wa hapa mtaani Jericho hawajazaliwa. Ninachokwambia kilinipata mchana, jua likiwaka, helikopta ya televisheni ikinguruma juu ya kichwa changu. Nani huona mzimu saa kama hiyo? Mimi nilimwona.

Ilikuwa Jumamosi. Tangu mke wangu afariki, televisheni naiwasha asubuhi na kuizima nikienda kulala. Siitazami hata. Ni vile nyumba ikinyamaza sana nashindwa kukaa ndani. Siku hiyo nilikuwa uani nikifua blanketi letu, lile zito. Sasa, wewe unajua blanketi halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnalisokota mpaka maji yaishe. Huku kwetu ukimwita jirani akushikie, hakatai. Lakini mimi, mwanamume mzima, nimwite Mama Brayo wa mlango wa pili anikute na karai la nguo? Niliona haya.

Zamani mke wangu ndiye aliyekuwa akifua, akiniita nimshikie. Basi mdomo wangu ukasema wenyewe, "Njoo unishikie." Sikutaja jina la mtu.

Akaingia mama mmoja amejifunga leso, sijawahi kumwona. Hakusalimu. Aliinua upande wa pili akasema, "Haya, sokota." Nikadhani ni mgeni wa Mama Brayo. Na wacha niseme ukweli, nilifurahi. Nilimweleza habari za goti langu, za mwanangu asiyepiga simu, za chai ninayopika nyingi kwa mazoea halafu naimwaga. Aliniitikia kila neno. Sikuwa nimeongea na mtu hivyo tangu matanga.

Hapo ndipo helikopta ilipokuja. Vibanda vya mbao ng'ambo ya barabara vilikuwa vimeshika moto, na kituo fulani kilikuwa kikirusha picha moja kwa moja kutoka angani. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikatupia televisheni jicho. Nikaona moshi, kisha mapaa ya Jericho, kisha ua wangu. Kofia yangu niliitambua. Nilijiona nimeshika blanketi upande mmoja, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Ulikuwa hewani tu, ukijisokota, maji yakidondoka.

Nikamtazama mama. Yuko, mikono imelowa. Nikatazama televisheni. Hayupo.

Nilitaka kuliachilia blanketi nikimbie. Yeye alijua nilichokiona, akasema kwa upole, "Ukiliachilia nitaenda, na sitarudi."

Wewe ungefanya nini? Usiharakishe kujibu. Niliiwaza jioni yangu, sufuria moja, sahani moja, watu wa televisheni wakiongea wenyewe kwa wenyewe. Hofu nilikuwa nayo, sikatai, lakini upweke ulikuwa mkubwa zaidi. Nikasokota. Tulilianika pamoja, akatoka bila kuaga.

Kumbe sikuiona picha ile peke yangu. Mtaa mzima uliiona, na walioikosa wakatumiwa kwenye simu. Sasa watoto wakifika mlangoni kwangu wanapita mbio. Mama Brayo, aliyekuwa akiniletea mboga, hunisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Mchungaji alikuja kuniombea, akaombea nje. Anayeingia kwangu ni yule mama tu, kila Jumamosi, nami simuulizi jina wala kwao.

Jumamosi iliyopita alikuja na sikuwa na nguo za kufua. Aliketi kwenye kiti cha marehemu, akanitazama sana, akaniuliza kama sijachoka kukaa hapa peke yangu, nifunge nyumba tuende wote kwao. Nilimwambia anipe muda nifikirie. Jumamosi ni kesho, na bado nafikiria.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Usiite mtu bila kumtaja jina, maana hujui nani anasikia. Na kama jirani yako ni mzee anayefua peke yake, toka nje umshikie, hata asipokuita. Usipomshikia wewe, atashikiwa.